Kukausha Sampuli kwa Hewa Ipandayo: Chombo, Kazi Yake na Majina Yake

Katika maabara nyingi kukausha sampuli ni kazi ya kila siku. Udongo wa kujengea barabara, mchanga, makaa ya mawe, nafaka, majani ya chai na chembe za dawa, vyote hukaushwa kabla ya kupimwa, kwa sababu maji yaliyomo hubadilika kutwa hata kutwa, na kitu kibadilikacho hakiwezi kuwa msingi wa hesabu. Kwa muda mrefu kazi hii ilifanywa kwa tanuri dogo la hewa ya moto, na hata leo tanuri hilo ndilo kipimo ambacho vyombo vingine hulinganishwa nacho. Sampuli ya udongo hutiwa humo kwa joto la digrii 105 hadi 110 ikalala usiku kucha. Kipo chombo kingine ambacho hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, kwa kupitisha hewa ya moto kutoka chini kwenda juu katikati ya chembe mpaka chembe zote zikaelea na kuchezacheza kama maji yanayochemka.

Makala hii yaeleza kazi ya chombo hicho, na pamoja nayo yachunguza majina yake. Mambo haya mawili hayaachani. Mtu asiyejua chombo kinafanya nini hawezi kukipa jina lifaalo, na jina lisilofaa humpoteza msomaji ambaye hajakiona chombo chenyewe.

MANENO YALIYOPO

Kiswahili si maskini wa maneno katika jambo la kukausha. Kukauka ni hali ya kitu kupotewa na maji; kukausha ni tendo la kukitia katika hali hiyo, kwa njia yoyote iwayo. Chini ya neno hilo pana yapo maneno ambayo kila moja lina njia yake. Kuanika ni kutandaza kitu juani na penye upepo, kama mpunga juu ya jamvi, nguo juu ya kamba, au karafuu katika viwanja vya Unguja na Pemba. Kubanika ni kukausha juu ya moto, kama ifanywavyo nyama au samaki aliyebanwa kwa vijiti. Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani. Kunyauka ni hali ya jani lililopoteza baadhi ya maji yake likalegea, lakini bado halijakauka.

Kuanika lina mwenzake, nalo ni kuanua, yaani kukiondoa kilichoanikwa. Jozi hii ni ya namna ya tandika na tandua, au funika na funua, ambamo kiambishi cha kutendua hugeuza maana ya tendo. Kuwapo kwa neno kuanua kwaonyesha kwamba wenye lugha waliona kuondoa kuwa ni tendo kamili lenye wakati wake. Anayeanua mapema hupata ukungu, na anayechelewa hunyeshewa au hupata nafaka iliyopasuka. Jambo hilo litarudi mbele, kwa maana katika maabara pia swali gumu ni lini sampuli ianuliwe.

Hapana budi pia kukumbuka kichanja, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya ardhi, ambapo vitu huwekwa vikakauka. Miti yake hupangwa kwa kuachana ili hewa ipite chini na juu. Mwenye kutengeneza kichanja alikwisha tambua kwamba hewa ipitayo katikati ya kitu hukausha upesi kuliko hewa ipitayo juu yake tu. Chombo cha maabara kinachoelezwa hapa kimejengwa juu ya maarifa hayo hayo, ila hewa yake ina nguvu ya kuinua kile kikaushwacho.

ASILI YA CHOMBO

Habari za kuelezea chembe kwa hewa hazikuanza na kukausha. Huko Ujerumani, Fritz Winkler alipata hataza mwaka 1922 kwa njia ya kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi, ambamo gesi ilipulizwa kutoka chini mpaka chembe za makaa zikatokota. Mtambo mkubwa wa kwanza wa namna hiyo ulianza kazi Leuna mwaka 1926. Mwaka 1942 njia hiyo ilitumika Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, kwa kupasua mafuta mazito ili kupata petroli. Katika miaka ya 1950 Dale Wurster wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliitumia kuvika vidonge vya dawa utando mwembamba vikiwa vimeelea hewani. Mwaka 1973 Derek Geldart aliziainisha chembe katika makundi manne kwa kufuata ukubwa na uzito wake, na uainishaji huo ungali ukitumika kutabiri kama unga fulani utakubali kuelea ama sivyo.

UMBO NA KAZI YAKE

Chombo cha maabara ni kidogo, na chaweza kukaa juu ya meza. Chini kina feni ya kupuliza hewa, na juu ya feni kina kipashio cha umeme kiitiacho hewa joto. Kisha kuna sahani yenye matundu madogo sana, au kitambaa cha waya, ambayo huzuia chembe zisianguke na wakati huo huo hugawa hewa sawasawa pande zote. Juu ya sahani husimama mtungi mrefu wa kioo au wa chuma, na humo ndimo sampuli hutiwa. Mdomo wa mtungi hufungwa kwa mfuko wa kitambaa uzuiao vumbi na kuruhusu hewa na mvuke kutoka.

Hewa ikiwa kidogo, hupenya katika nafasi zilizo baina ya chembe, nazo chembe hukaa kimya. Hewa ikiongezwa, kani yake huongezeka. Hufika mahali ambapo kani ya hewa ipandayo yalingana barabara na uzito wa chembe zishukazo. Hapo chembe haziegemeani tena. Kila moja huwa imebebwa na hewa, na rundo zima hugeuka tabia: husawazisha uso wake kama maji, chombo kikiinamishwa hutiririka upande mmoja, kitu kizito kikitiwa huzama na kitu chepesi huelea. Hewa ikizidi tena, mapovu huonekana yakipanda na kupasuka juu, kama uji ulio motoni.

Jambo hili lina hesabu nyepesi ambayo haihitaji elimu kubwa. Ichukuliwe mithali ya mtungi wenye upana wa sentimeta 10. Eneo la kitako chake ni sentimeta za mraba 78.5. Zikitiwa gramu 785 za mchanga, kila sentimeta ya mraba imebeba gramu 10. Kwa kuwa safu ya maji yenye kimo cha sentimeta 10 nayo ina uzito wa gramu 10 kwa kila sentimeta ya mraba, yafuata kwamba shindikizo la hewa chini ya mchanga litapanda mpaka lifike sentimeta 10 za maji, kisha litasimama hapo hata hewa ikiongezwa. Kusimama huko ndiyo alama kwamba mchanga umeinuliwa wote. Shindikizo likikaa chini ya kiwango hicho ilhali hewa yapita kwa wingi, ni dalili kwamba hewa imejitobolea mfereji mahali pamoja, na sehemu kubwa ya sampuli imelala bila kuguswa.

Mwendo wa hewa unaohitajika hutegemea ukubwa wa chembe. Mchanga wenye chembe za nusu milimeta huanza kuelea hewa ikienda kadiri ya sentimeta 20 kwa sekunde. Chembe za sehemu ya kumi ya milimeta hutaka kama sentimeta moja tu. Unga laini mno, kama unga wa ngano au wa udongo wa mfinyanzi, huwa mgumu kuelea ijapokuwa ni mwepesi, kwa sababu chembe zake hunatana, nayo hewa hupita katika mifereji. Sampuli iliyolowa chepechepe ina tatizo la namna hiyo pia, maana maji yaliyo baina ya chembe huzigandamanisha. Kwa hiyo mwendeshaji huanza na hewa nyingi, pengine akakoroga kwa mkono, kisha huipunguza kadiri sampuli inavyokauka na kuwa nyepesi.

Kwa upande wa juu upo mpaka mwingine, nao wajulikana vema kwa kila aliyepata kushika ungo. Apepetaye mchele hutupa nafaka juu. Upepo huchukua makapi, na mchele hurudi chini. Upepo ule ule ukawa mkali zaidi, na mchele pia ungekwenda. Ndivyo ilivyo katika mtungi: kila chembe ina mwendo wa hewa uiwezao kuichukua moja kwa moja, na ndogo hutangulia. Mwendeshaji hufanya kazi yake kati ya mipaka hii miwili, wa kuinua na wa kupeperusha.

JOTO NA WAKATI

Maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kwa sababu maji yapenyayo nje hugeuka mvuke, na kila kigeukacho mvuke huchukua joto. Kanuni hiyo ndiyo itawalayo chembe iliyolowa katika hewa ya moto. Hewa yaweza kuwa na digrii 80, na chembe ikabaki na digrii 30 na kitu, maadamu uso wake una maji. Wakati huo maji hutoka kwa kadiri moja isiyobadilika. Uso ukisha kauka, maji ya ndani hutoka kwa taabu kupitia vinyweleo vya chembe, kadiri ya kukauka hushuka, na joto la chembe hupanda kulifuata joto la hewa.

Basi kipimajoto kilichowekwa katika hewa itokayo juu humwambia mwendeshaji habari za ndani. Joto likitulia, maji yangalipo mengi. Likianza kupanda, wakati wa kuanua umekaribia. Asiyeangalia dalili hiyo huweza kuunguza kitu alichotaka kukikausha tu.

Kuhusu muda, hesabu yaweza kufanywa hivi. Kugeuza gramu 100 za maji kuwa mvuke kwahitaji kilojuli 240 hivi. Katika mtungi uliotajwa, hewa ya digrii 80 ikipita kwa mwendo wa meta moja kwa sekunde, na ikatoka imepoa kwa digrii 40, huacha kadiri ya kilojuli 0.3 katika kila sekunde. Kwa hiyo gramu 100 za maji zitatoka katika dakika 13 au zaidi kidogo. Katika tanuri lenye hewa iliyotulia, joto hulazimika kupenya rundo kutoka nje kwenda ndani, na ndiyo maana usiku mzima hupita.

MFANO WA CHAI

Mfano bora wa kazi hii katika Afrika ya Mashariki wapatikana Kericho, katika utafiti wa chai wa Kenya. Mtafiti akipata aina mpya ya mche wa chai hana majani ya kujaza kiwanda. Ana majani ya vichaka vichache tu. Huyapitisha katika kiwanda cha mfano: huyanyausha, huyakatakata kwa mashine ndogo, huyaacha yageuke rangi, kisha huyakausha kwa chombo kidogo cha hewa ipandayo. Chai ipatikanayo huonjwa na kupimwa, na hukumu ya mche mzima hutegemea majani hayo machache.

Hapa kukausha si kuondoa maji tu. Jani lililokatwa hugeuka kutoka rangi ya kijani kuwa ya shaba kwa sababu vimeng'enya vyake huunganisha baadhi ya viini vya jani na oksijeni ya hewani. Joto la kukausha huvizima vimeng'enya hivyo na kulisimamisha badiliko mahali mtafiti apatakapo. Sampuli moja ikikaushwa upesi na nyingine polepole, ya pili itaendelea kugeuka ikiwa ndani ya chombo, na mwonjaji atahukumu tofauti ya kukausha akidhani ni tofauti ya miche. Ndiyo sababu chombo kikaushacho chembe zote kwa namna moja kina thamani kubwa katika kazi hiyo.

Yafaa itajwe kwamba kugeuka huko kwa jani kumepewa katika lugha za Ulaya jina la kuchachuka, na wengine wamelileta katika Kiswahili vivyo hivyo. Lakini kuchacha ni hali ya chakula au kinywaji kilichoharibika au kuwa kikali kwa kazi ya viumbe vidogo, kama tembo au uji uliolala. Hayo siyo yatokeayo katika chai nyeusi. Kosa la lugha moja limehamishiwa katika lugha nyingine, na mwanafunzi asomaye neno hilo atatafuta chachu isiyokuwapo.

KILICHOPUNGUA NI NINI?

Kipimo cha unyevu ni tendo la mizani. Sampuli hupimwa ikiwa mbichi, hukaushwa, hupoozwa katika chombo kilichofunikwa ili isivute tena unyevu wa hewa, kisha hupimwa mara ya pili. Tofauti huitwa maji. Lakini mizani haijui maji. Yajua upungufu tu, na upungufu waweza kuwa na asili zaidi ya moja.

Kwanza, vumbi laini laweza kupeperushwa hadi mfukoni, nalo likahesabiwa kuwa maji. Mfuko nao hauna budi kukung'utwa na kupimwa. Pili, vitu vyenye mafuta yarukayo hupoteza mafuta pamoja na maji. Karafuu ni mfano ulio wazi: harufu ijazayo chumba wakati wa kuikausha kwa moto ni mali yake inayotoka. Kwa ajili hiyo maji ya viungo hupimwa kwa njia ya kutonesha pamoja na toluini, ambapo maji hukusanywa na kuonekana yenyewe. Tatu, baadhi ya mawe yana maji yaliyofungwa katika umbo lake. Katika jasi maji hayo ni kama asilimia 21 ya uzito wote, na joto la tanuri la kawaida huweza kuyatoa. Kwa hiyo udongo wenye jasi hukaushwa kwa digrii 60. Jiwe la jasi likiwa mkononi huonekana kavu kabisa, na hakuna Mswahili atakayesema lina maji.

Hata upungufu ukiwa ni maji matupu, bado neno unyevu lina maana mbili. Majani ya chai yaliyokatwa yawe gramu 100, na ndani yake maji gramu 70 na kitu kikavu gramu 30. Akigawanya maji kwa uzito wote, mpimaji atasema unyevu ni asilimia 70. Akigawanya kwa uzito wa kitu kikavu, atasema ni asilimia 233. Wote wawili wasema kweli. Wafanya biashara ya nafaka hufuata hesabu ya kwanza, na wahandisi wa udongo hufuata ya pili.

Mtu asidhani kwamba hili ni gomvi la wanazuoni. Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki chataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwa hesabu ya uzito wote. Kwa hesabu ya uzito mkavu mahindi hayo hayo yana asilimia 15.6. Tarakimu hiyo ya pili ikiandikwa bila maelezo, na mwingine akaisoma kama ya kwanza, mahindi yenye maji mengi kupita kiasi yatapita na kuwekwa ghalani, na humo ukungu utaota. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Msiba ule haukuletwa na neno; lakini waonyesha uzito wa kitu ambacho neno unyevu hubeba.

MAJINA YAFAAYO

Imebaki kuyaweka majina mahali pake. Lugha kadhaa za Ulaya huliita rundo la chembe zinazoelea kitanda, na Wafaransa pia husema hivyo. Wajerumani husema Wirbelschicht, yaani tabaka lizungukalo kama kisulisuli. Warusi huliita tabaka linalochemka. Kila taifa limetazama kitu kile kile likashika sura iliyolivutia.

Kufasiri kitanda neno kwa neno hakufai. Ni kweli kwamba Kiswahili chajua kitanda cha mfumi, yaani fremu ambayo juu yake nguo hufumwa; hivyo kitanda si cha kulalia peke yake. Lakini kitanda cha mfumi ni fremu ibebayo kazi, na hapa kinachotajwa si sahani ibebayo bali ni chembe zenyewe. Tandiko nalo limeshikamana na kitu kilichotulia, na chembe hizi hazitulii.

Neno kuchemka lina haki kubwa zaidi. Pingamizi lake ni kwamba huleta fikira ya moto, hali mchanga waweza kuelea kwa hewa baridi. Pingamizi hilo hupungua nguvu likikumbukwa neno chemchemi, ambalo ni maji yabubujikayo ardhini, nayo kwa kawaida ni baridi. Katika maneno haya mawili kilicho muhimu ni mbubujiko, na moto ni sababu moja tu miongoni mwa sababu zake. Kwa hiyo tabaka lichemkalo ni jina liwezalo kueleweka na mtu asiyepata kuingia maabara, na ambalo halimdanganyi aliyekwisha ingia.

Chombo chenyewe chaweza kuitwa kikaushio, kwa kufuata desturi ya kichungio na kifungulio, na pakihitajika kubagua, kikaushio cha tabaka lichemkalo. Kwa tendo, kukausha latosha. Kuanika na kubanika yabaki na kazi zake za tangu zamani, maana hewa ya chombo hiki si jua wala si moshi wa moto. Kuanua lastahili kuingizwa katika lugha ya maabara kama lilivyo, kwa kuwa hakuna neno jingine lisemalo kwa ufupi kwamba kitu kimeondolewa kwa sababu kimekauka kiasi kitakiwacho. Na kila pandikwapo unyevu kwa tarakimu, iandikwe pamoja nao kama ni unyevu wa uzito wote au ni unyevu wa uzito mkavu. Maneno hayo machache ya ziada hayamgharimu mwandishi kitu, nayo humwezesha msomaji aliye mbali na mizani kujua kilichopimwa.